MTU NI AFYA: CHOO CHA KUHESABIWA NA CHOO CHA KUTUMIWA

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 husifiwa kwa takwimu. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya vijijini mwao. Sifa hiyo ni halali. Lakini sisi tunaofundisha siasa tumezoea kuliruka neno "wakajadili" na kukimbilia idadi ya vyoo vilivyochimbwa.

Hilo ni kosa la kisiasa. Choo kilichochimbwa kwa kuogopa faini hufagiliwa siku ya ukaguzi. Siku nyingine huwekwa kuni na majembe. Tumeviona. Mkulima asiyeelezwa kwamba mayai ya kichocho hutoka na mkojo, kwamba vimelea hukua ndani ya konokono wa majini kisha humwingia mtu kupitia ngozi, ataendelea kukojoa mtoni hata akiwa na choo.

Tena tunahimiza maji yachemshwe. Sawa. Kuni za kuchemshia atazitafuta nani? Ni mama yule yule aliyeamka alfajiri kuyateka. Swali hilo halimalizwi na redio wala na bwana afya. Humalizwa na kikundi, wanaume wakiwamo, pale linapogeuka kuwa suala la kisima na la mgawanyo wa kazi nyumbani. Kada anayefunga mjadala hapo kwa kisingizio cha muda ameikatisha kinga yenyewe.

Ndugu wanafunzi mnaokwenda vijijini, anzeni na swali la kuni. Daftari la vyoo lisubiri.