Nyota Tano za Mvinyo

Kijana mmoja hapa Ngara alinionyesha katika simu yake programu iitwayo Vivino, iliyoasisiwa Denmark mwaka 2010. Mnywaji hupiga picha karatasi ya chupa, akasoma bei na maoni ya wenziwe, kisha naye akatia nyota, moja hadi tano. Nakiri kazi ni ya ustadi. Lakini aulizwaye ni ulimi tu! Mke aliyekesha akimngoja hana nyota ya kutoa. Hata penye rubisi, huku Ngara na Biharamulo, jirani humwona mlevi akianguka, huenda akamwambia basi. Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, mchukuzi na muuzaji wakiwamo. Programu hii huuza pia. Aliyeiunda namweka hapo.