Ukumbusho Ukutani: Uhalisia wa Tshibumba Kanda Matulu

Uhalisia katika uchoraji aghalabu hupimwa kwa swali moja: je, kilichochorwa kinafanana na kinachoonekana? Picha za Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji uitwao sasa Lubumbashi, zadai swali jingine: picha itatundikwa wapi, na mbele yake yatasemwa nini?

Ulinganisho na Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi, unafaa hapa. Katika The Banjo Lesson (1893), mzee amemweka mtoto kati ya magoti yake ndani ya kibanda cha kimaskini, akimfunza kupiga banjo. Mwanga wa moto unawaangukia wote wawili. Enzi hizo mpiga banjo mweusi alizoeleka kuchorwa kama kichekesho. Tanner anamrudishia utu kwa kuonyesha ndani ya nyumba yake. Uhalisia umo katika chumba kilichochorwa.

Katika Colonie Belge mambo yamegeuka. Picha hiyo, iliyorudiwa na wachoraji wengi wa Shaba katika miaka ya 1970, inaonyesha ua wa gereza: mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, afisa Mzungu anatazama, na juu yao ipo bendera ya Ubelgiji. Chumba hakikuchorwa, kwa kuwa chumba ni sebule ya mnunuzi mwenyewe. Picha ya namna hiyo iliitwa ukumbusho. Maandishi yake ni ya Kifaransa, lakini mazungumzo yanayozuka mbele yake ni ya Kiswahili.

Wapo wanaolaumu viwiliwili vilivyokakamaa na nyuso zisizotofautiana. Lawama hiyo ina ukweli, ila inaipima picha bila watazamaji wake. Askari hana sura yake mahsusi, hivyo kila mtazamaji humvika sura ya askari anayemkumbuka. Tena kiboko kimo mkononi mwa Mwafrika. Chini ya utawala wa Mobutu, aliyeitazama picha hiyo aliweza kujiuliza, bila kutamka, kama kilichobadilika ni bendera tu.

Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea Johannes Fabian historia ya Zaire katika picha 101, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996, na maelezo ya mchoraji yakawafikia wengi kwa tafsiri ya Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maelezo yale si kiambatisho cha picha, bali ni nusu ya pili ya kazi yenyewe. Msomaji wa Mulekera, ambaye Kiswahili cha Kongo anachokizungumza hubezwa mara kwa mara kuwa kimeharibika, anaona hapa lugha ya aina hiyo hiyo ikibeba historia ya taifa zima. Uhakiki unaoitazama rangi na kuyaacha maneno umeiona nusu tu ya picha.