Mkono Ulionekana, Uso Haukuonekana: juu ya direkti ya sherehe yetu ya diploma



Baba yangu anakaa Walungu, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda gari mpaka Bukavu. Siku ya sherehe ya diploma alinunua mega, akaegemeza simu ku kopo ya sukari, akaita mama mdogo na majirani wawili. Walikaa pale tangu saa tatu ya asubuhi. Kitu walikuwa wanangojea ni kimoja tu: mdogo wangu wa kike aitwe, apande, apokee. Kufika saa saba na kitu, jina likaitwa. Wakaona mkono. Mkono wa doyeni unatoa karatasi, mkono mwingine unapokea, na kipande cha toge nyeusi. Kiisha jina lingine likaitwa. Magaribi baba ananiambia ku simu: “Nilimutambua ku saa.” Ile saa ya mkono ni yeye alimnunulia wakati alipata diploma ya Serikali.

Tangu siku ile nimeangalia video yote mara mbili, na inadumu saa tano na zaidi. Mara ya pili niliangalia na daftari mkononi. Ninaandika haya juu Jumamosi komite yetu itajadili kama tuwape vijana wale wale kazi ya mwaka ujao, na pesa ni mchango wa kila mmoja wetu. Tena niseme mbele ya mtu kuniuliza: tangu nimalize lisansi ya agronomia, nimefunga ndoa za watu wengi kuliko mashamba nimepima. Nafunga kwa kamera, si kwa stola. Miaka miwili iliyopita nilikuwa mmoja wa vijana wanne wenye kubeba kamera mu ukumbi ule ule. Safari hii hawakutuita. Waliweka kamera tatu za kuendeshwa toka mbali, na kijana mmoja mu reji akishika maneti. Kwa hiyo musome mukijua niko na kidonda. Lakini nitajaribu kuwa wa haki.

Haki ya kwanza: mwanzo wa video ni mzuri. Dakika kumi za kwanza kamera ya ku balkoni inashuka polepole toka paa mpaka ku viti, inapita juu ya bamama wenye vilemba, inafika ku mlango wakati maprofesa wanaingia. Hakuna kutikisika hata kidogo. Sisi wanne hatukuweza kufanya vile siku yoyote. Tena hakuna kijana anayesimama mbele ya wazazi akiwaziba macho, na wote munakumbuka namna watu walikuwa wanatugombeza juu ya mambo ile. Mtu mwenye anasema mashine hizi ni bure hajaangalia hizi dakika kumi.

Shida inaanza na hotuba ya kwanza. Muangalie watu wa ku jukwaa. Ukuta wa nyuma ni mweupe, wameutandika tena satini nyeupe. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, inaona weupe mwingi, inafunga jicho, na sura zetu zinakuwa giza. Msemaji akiwa na ngozi kama yangu, munabaki na miwani na meno. Dakika inayofuata kamera ya pembeni inakamatwa, ile inatazama upande wa madirisha, na mtu ule ule anakuwa wa buluu. Watu watatu mu mtu mmoja. Hii haiko kosa la kamera. Kamera hizi zinakubali mtu akae mu reji, afungue jicho la kila moja kwa mkono wake, akubalianishe weupe wa zote tatu ku karatasi moja nyeupe, kiisha afunge zisibadilike tena. Ni kazi ya nusu saa asubuhi, mbele ya watu kuingia. Kuendesha kamera toka mbali haiko kuizungusha kushoto na kuume tu. Nusu ya kazi ni rangi na mwanga. Wale walikumbuka nusu moja.

Sasa tuje ku mkono.

Kamera hizi ziko na memwari (haiko ile ya kutetea mbele ya juri, musishituke). Unaisimamisha mahali, unavuta karibu unavyotaka, unaiambia: hii ni namba moja. Kiisha unapanga namba mbili, namba tatu. Siku ya kazi unabonyeza namba, inaenda yenyewe. Kwa sherehe yenye iko na majina mia na zaidi, ni msaada mkubwa sana. Lakini memwari inakumbuka mahali, haikumbuki mtu. Ninavyoona ku video, kijana alipanga namba yake ya diploma ukumbi ukiwa mtupu, akalenga meza. Doyeni ni mrefu, anatoa karatasi ku kimo cha kifua chake. Wanafunzi wanasimama ngazi moja chini. Kwa hiyo picha ilikata doyeni ku kidevu, na wanafunzi wote wenye kimo cha kawaida, kamera iliwaona mikono tu. Warefu walionekana mpaka mdomo. Nilihesabu: mu watu ishirini wa kwanza wa fakilte yetu, wawili tu ndio walionekana uso mzima, na hawa ni sababu walikosea njia wakasimama mahali hapakuwa pao.

Mtu mwenye kushika kamera kwa bega, hata akiwa mjinga, jina la pili angeinua mkono kidogo. Hii njo hoja yangu yote. Kijana wa reji aliona picha ile ile tuliona sisi, na alikuwa na maneti mbele yake. Kwa nini hakuinua? Nilienda kumuuliza, nikitaka kugombana. Nilimkuta kijana mwema, mwenye aibu kuliko mimi. Alinionyesha yote, na pale njo nikaelewa kama kosa lilipandwa asubuhi, mbele ya jina la kwanza.

Kamera hizi zinazungumza na maneti kwa lugha yenye Sony ilitengeneza, VISCA, na leo kampuni nyingi zinaitumia. Zamani ilipita mu waya wa namna ya tarakilishi za kale, kamera moja ikishikana na nyingine mpaka saba mu mustari. Sasa inapita mu rezo, waya ule ule wa intaneti, ku mlango namba 52381. Kwa hiyo kila kamera inapashwa kuwa na adresi yake ya IP, kama kila nyumba na namba. Zao, mbili zilikuwa bado na adresi zilitoka nayo ku usini, na adresi ile ilikuwa moja. Kijana anasukuma maneti kwa kamera ya pili, mara inatii ya pili, mara inatii ya tatu, mara hakuna. Tangu saa nne alikuwa anafikiri maneti imekufa. Akaogopa kuigusa. Akaamua kubaki ku namba zake, zenye zilikuwa zimeshika asubuhi kwa bahati. Mkono wa mdogo wangu ni tunda la adresi mbili zenye kufanana.

Kubadilisha adresi ile ni dakika tano kwa kila kamera. Unawasha moja, unaipa namba, unaandika ku karatasi, unabandika karatasi chini ya kamera, unazima, unaenda ku nyingine. Zote zikae mu familia moja ya namba, na maneti pia. Mu pepinieri tunafanya vile vile na miche: usipobandika jina ku kila mustari siku ile ile, mwezi wa pili unaita mparachichi muembe.

Iko kitu kingine, na hiki mulikiona wote, juu ku mtandao watu walicheka sana. Mara tatu kamera ya balkoni ilijizungusha peke yake kama kuku amekatwa kichwa, kiisha ikatazama paa. Watu waliandika kama ni kurant. Kurant haikukatika siku ile hata mara moja. Ninashukuru Mungu, maana si kawaida yetu. Kamera zile zinakula umeme mu waya ule ule wa rezo. Switchi ya kawaida ya namna hii inatoa wati 15.4 kwa kila mlango. Iko nyingine ya nguvu, inatoa 30. Kamera ikitulia, 15 inaweza kutosha. Ikianza kuzunguka na kuvuta karibu kwa mara moja, injini zake zinaomba zaidi, inakosa, inazimika, inawaka upya, na kila kamera ya namna hii ikiwaka inajinyoosha kwanza: kushoto, kuume, juu, chini. Zaidi ya hiyo waya wao wa balkoni ulikuwa wa mistari miwili imeungwa na skochi. Waya huu mwisho wake ni metre 100, na kila kiungo kibaya kinakula njiani.

Sasa nitoke kidogo mu ukumbi wetu, juu nataka kusema jambo lenye wataalamu wa waya hawatasema. Kamera yenye kuendeshwa toka mbali iko na bwana, na bwana haonekani. Mu Baraza la Wawakilishi la Marekani picha zinatoka ku televisheni tangu 1979. Kamera ni za Baraza lenyewe, na wenye kuziendesha ni watumishi wake. Hawakai kati ya wabunge. Kanuni ilikuwa kuonyesha mwenye kusema tu. Wabunge fulani wakazoea kusema kwa ukali jioni, viti vikiwa vitupu, na mtu wa nyumbani akafikiri ukumbi mzima unasikiliza kimya. Mwezi wa tano 1984, Spika Tip O'Neill akaamuru kamera zizunguke zionyeshe viti, wakati Robert Walker anaendelea kusema. Kelele ilikuwa kubwa. Tena mwezi wa kwanza 2023, wakati walishindwa kuchagua Spika mpaka kura ya 15, kanuni zilikuwa hazijapitishwa, na C-SPAN ikaruhusiwa kuingiza kamera zake. Mara moja watu wakaona yenye hawakuzoea kuona: maadui wakinong'onezana, mbunge mmoja akizuiwa kwa mkono asimrukie mwingine. Ukumbi ni ule ule. Mwenye kuamuru kamera ndiye alibadilika.

Mu direkti yetu, bwana alitaka nini? Nilipima na saa. Mu ile nusu saa ya fakilte yetu, kamera ya kwanza ilikaa ku mustari wa wageni wa heshima karibu dakika kumi na mbili. Tunaona mheshimiwa mmoja anafungua chupa ya maji. Tunaona mwingine anaangalia simu. Kamera ile ilikuwa nzima, adresi yake nzuri, rangi yake nzuri, na ilikuwa mahali pa kuona nyuso za wanafunzi wakishuka ngazi. Kijana aliniambia aliagizwa: wageni wasikosekane. Siwezi kumlaumu juu ya agizo. Lakini sisi tunaotoa mchango tunaweza kutoa agizo letu. Mu shule tulifundishwa kama mnyauko wa ndizi hauonekani toka barabara. Shamba linaweza kubaki kijani, mpaka uingie ukate shina uone maji ya manjano. Mwenye kukaa mbali, ile anaona ni yenye alipangiwa kuona.

Basi kwa Jumamosi. Wenzangu watatu wa zamani wananiomba niseme turudie kamera za bega. Pole kwao, na pole kwangu, sitasema vile. Balkoni ile ibaki na mashine. Hakuna kijana atafanya kushuka kule. Lakini chini ya ngazi, mahali wanafunzi wanashukia, awe mtu na kamera yake, analipwa siku yake, kazi yake ni nyuso. Mu reji wawe wawili: mmoja wa kuchagua picha, mmoja wa maneti na rangi. Mtu mmoja hawezi kuchunga kamera tatu na kuchagua tena. Ku video munaona wazi kamera inatembea wakati iko hewani, inampita mtu, inarudi, sababu kijana aliangalia picha yenye kuchelewa ku tarakilishi ya mtandao na si ile ya moja kwa moja. Na kazi ianze siku moja mbele, na watu wawili wakisimama ku jukwaa mahali pa doyeni na mwanafunzi, mrefu na mfupi. Mimi ni mfupi. Ninajitolea bure.

Vijana wale wapewe tena kazi, ndiyo. Wamekubali kunifungulia mlango Ijumaa saa nane tupime waya wa balkoni. Mwenye ana switchi ya wati 30 ya kukopesha aniandikie hapa chini. Na baba anauliza kama mdogo wangu anaweza kupigwa picha nyingine na toge. Toge ilikuwa ya kukodi, tulirudisha siku ile ile.