Sekunde Kati ya Kuwaka na Kuzima

Kompyuta iliyokufa kabisa ina nafuu yake. Ukibonyeza kitufe, kimya. Fundi anajua pa kuanzia. Inayompima fundi ni ile inayowaka, feni zikavuma, taa ya mbele ikaonekana, kisha ikazima. Ukiiwasha inakubali tena, na inazima tena. Mwenye mali anaifikisha mezani akiwa ameshaihukumu: "Fundi, pawasaplai imeungua." Huenda ni kweli. Lakini fundi anayeijua kazi haanzi na bisibisi. Anauliza, "Inakaa muda gani kabla haijazima?"

Swali hilo nimelisikia kwenye vibanda vya Kibondo, nikalisikia tena Kasulu, na ndilo lililonifanya niuheshimu ufundi huu. Watu hutaja dalili moja tu, kwamba mashine inazima. Fundi anasikia dalili nyingi ndani ya neno hilo, maana kila ugonjwa una muda wake.

Ikizima papo hapo, feni hata hazijazunguka sawasawa, kuna mahali umeme umegusana: skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi, au kifaa kilichoungua ndani kwa ndani. Pawasaplai imeona hatari, imejikata yenyewe. Ikizima kila mara baada ya kama sekunde nne, fundi anatazama kitufe cha kuwashia. Tangu Intel walipotoa mfumo wa ATX mwaka 1995, kitufe cha mbele hakikati umeme. Kinapeleka ombi tu kwenye mazabodi, na ukikishikilia kwa sekunde chache ombi hilo linakuwa amri ya kuzima. Kitufe kilichonasa kwa vumbi hakiachii, na mashine inatii. Njia ya kulijua hilo ni nyepesi ajabu. Unachomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi, unazigusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja, unatoa mkono. Mashine ikikaa, umempunguzia mtu gharama ya pawasaplai nzima.

Ikizima baada ya dakika kadhaa, na ukiiwasha hapo hapo inadumu muda mfupi zaidi kuliko mwanzo, hilo ni joto. Hapa mgeni hushangaa, kwa sababu Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai watu huvaa masweta. Joto hilo halitoki kwenye hali ya hewa. Linatokana na vumbi jekundu la kiangazi linaloziba mapezi ya chuma juu ya prosesa, na pasti iliyo kati ya prosesa na chuma hicho ikakauka ikawa kama chaki. Prosesa inafika kiwango cha joto isichokivumilia, inajizimia kabla ya kuungua. Nimemwona fundi akilitoa vumbi hilo kwa brashi ya rangi, akiishika feni kwa kidole ili isizungushwe na upepo wa bulowa. Hakuna aliyemwagiza aishike. Anajua feni ikizungushwa kwa nguvu kupita kawaida yake huweza kuharibika, basi anaishika.

Kuna na ile inayozima jioni tu. Hiyo ndiyo yenye historia ya wilaya hizi ndani yake.

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Kasulu majenereta yalipozimwa na mji ukaingia kwenye gridi, kwa laini inayotoka upande wa Nyakanazi na kupita Kakonko na Kibondo. Lilikuwa jambo kubwa, na sitaki kulipunguza hata chembe. Lakini laini ndefu ina tabia zake. Volti 230 zinazotarajiwa kwenye soketi zinaweza kushuka watu wanapowasha pasi na majiko kwa pamoja, na radi za msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, hazichagui nyumba. Kwa hiyo fundi wa huku hawezi kuishia kwenye boksi la chuma. Lazima aujue na umeme wa mtaa.

Kisa kimoja nilikishuhudia mwenyewe. Mwalimu alileta kompyuta ya ofisi ya shule wakati wa kuchapa mitihani. Mezani kwa fundi iliwaka asubuhi hadi jioni, haikutikisika. Ikarudi shule, ikazima jioni ya siku hiyo hiyo. Fundi mwenye haraka angesema shule ina mkosi. Huyu alimwuliza, "Mwalimu, ikizima huwa unafanya nini?"

"Ninachapa, fundi. Naiamuru printa tu, inakata."

"Printa na kompyuta ziko ekstensheni moja?"

Zilikuwa moja. Printa ya leza ikianza kupasha moto rola yake huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na volti kwenye waya huo mwembamba hudondoka kwa kitambo kidogo sana. Pawasaplai nzima huvumilia. Ndani yake mna kapasita kubwa zinazohifadhi umeme wa kuivusha mashine kwa takriban milisekunde 16 hata soketi ikikaukiwa, muda usiofika mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Za mashine ile zilikuwa zimechoka. Mita ilisoma volti 12 safi pasipo mzigo; ilipopewa kazi ikashuka chini ya 11.4, mpaka wa chini unaokubalika. Volti zikiyumba hivyo, pawasaplai huondoa ishara inayoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa, na kila kitu husimama.

Ugonjwa ulikuwa mahali pawili, basi: nusu kwenye pawasaplai, nusu ukutani. Kubadilisha kimoja tu kungeficha kingine kwa miezi michache.

Nilichokiona siku ile ni utaratibu ninaouona pia kwa mafundi wazuri wengine. Fundi aliondoa kila kisicho cha lazima, diski, kadi, RAM akabakisha moja, akaiwasha mashine ikiwa uchi. Kisha akarudisha kimoja, akangoja; kingine, akangoja. Hakubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hata mara moja, ingawa mwalimu alikuwa akitazama saa. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na mgonjwa ajaye atakukuta mjinga vile vile.

Tena kuna ujasiri usioonekana. Kapasita kubwa ya pawasaplai huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Fundi huiacha ikae, kisha huipima kabla ya kuigusa, kila mara, hata akiwa na hakika. Alipoona vichwa vya kapasita ndogo vimevimba, alizing'oa kwa kifaa cha kuchomelea, akatafuta nyingine zenye volti na ukubwa uleule kwenye mabodi ya zamani aliyoyahifadhi kwenye kikapu chini ya meza. Kila moja aliipima kabla ya kuifunga, kwa kuwa kitu kilichokwisha kutumika huweza kuwa na uchovu wake. Kwa miji iliyo mbali na maduka ya vipuri ya Dar es Salaam, kikapu kile ni hazina, na nasema hivyo kwa dhati.

Kinachoniuma ni malipo. Wateja hulipa kifaa kipya bila manung'uniko, lakini saa tatu za kuisubiri mashine izime wanaziona za bure: "Si ulikuwa umekaa tu?" Kukaa kule ndiko kazi yenyewe. Hitilafu inayokuja na kuondoka haikamatwi na mtu mwenye pupa, na ni haki bei ya kusubiri isemwe mapema, kabla boksi halijafunguliwa, kama daktari anavyotoza kumwona mgonjwa hata asipompa dawa.

Mashine ya shule ilipokaa imara na mzigo wake wote, fundi hakuitoa mara moja. Alimwambia mwalimu wapeane miadi ya saa moja usiku, muda ambao mji unavuta umeme kuliko wote, aende na mita yake kupima soketi ya ofisi huku printa ikichapa kwenye soketi ya peke yake.

"Usiku huo, fundi?"

"Ndio unaozima mashine yako, mwalimu."