Kukaza Uso si Kurudisha Ujana

Katika miaka yangu ya kusahihisha insha za wanachuo wa ualimu, kosa lililonichosha kuliko yote halikuwa la sarufi. Lilikuwa ni kulipa neno kubwa kazi ndogo. Kosa hilo naliona leo katika matangazo ya upasuaji wa kukaza uso, ambayo hutufikia hata sisi wakazi wa Mbeya na Iringa kupitia simu za wajukuu. Husema kwamba upasuaji huo "hurudisha ujana". Kauli hiyo yafaa ipimwe.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Daktari hukata ngozi mbele na nyuma ya masikio, huiinua, hukaza tabaka lililo chini yake, kisha huondoa ngozi iliyozidi na kushona. Tabaka hilo lilielezwa mwaka 1976 na madaktari wawili wa Ufaransa, Mitz na Peyronie. Kinachopata nafuu ni mashavu yaliyoshuka na shingo iliyolegea. Paji la uso na kope hazimo, wala madoa ya jua hayaondoki. Kazi ikifanywa vyema matokeo yake yaweza kudumu miaka 10 hivi, lakini uso huendelea kuzeeka kama kawaida. Kwa hiyo kitenzi sahihi ni "kukaza".

Pili, matangazo hayo hunyamazia hatari. Damu yaweza kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za mwanzo, na mwenye shinikizo la damu yu karibu zaidi na hatari hiyo. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso waweza kujeruhiwa, mdomo ukaenda upande. Mara nyingi hupona, lakini si mara zote. Mvuta sigara huweza kufiwa na sehemu ya ngozi iliyoinuliwa. Aidha, sisi Waafrika tunasumbuliwa zaidi na kovu linaloota nyama, yaani kiloidi. Nani hajamwona binti aliyetoboa sikio likaota uvimbe kama punje ya njegere? Mkato wa upasuaji huu hupita pale pale sikioni. Mwenye kovu la namna hiyo, yeye au ndugu zake, amweleze daktari mapema.

Tena kuna umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Aliyeshonwa jana hafai kupanda basi na kukwea Kitonga, huku daktari wake akibaki pwani.

Msomaji asidhani kwamba naidharau fani hii. Mwaka 1957 huduma ya Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref, ilianzishwa na mabingwa watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbo: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa ametengeneza nyuso za wanahewa walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Rees alijulikana New York kwa upasuaji wa urembo. Fani ni moja. Chuoni nilipata kuwa na mwanachuo aliyeangukia moto wa jikoni utotoni, jambo ambalo si geni katika nyanda hizi za baridi. Kovu lilimvuta shingo hata asiweze kugeuka. Baada ya kupasuliwa, aliandika ubaoni kisha akageuka kulitazama darasa bila kuzungusha mwili mzima. Hapo neno "kurudisha" lilistahili.

Sasa mstaafu mwenzangu wa Iringa ameniuliza kama atumie sehemu ya kiinua mgongo chake kukaza uso. Sikumkataza, maana uso ni wake na fedha ni yake. Nilimwandikia maswali manne ya kumwuliza daktari. Je, ni bingwa wa fani hii, naye amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Amewahi kuwapasua wangapi wenye ngozi kama yetu, na makovu yao yakoje? Nani atampa dawa ya usingizi na kumwangalia usiku wa kwanza? Na ikitokea hitilafu, nani atairekebisha, kwa gharama ya nani?

Akipata majibu yaliyonyooka, aende kwa amani. Akijibiwa habari za ujana tu, aweke fedha yake.