Bonyeza "Hifadhi", Maskati Wapate Linki

Sekunde nane! Nimezihesabu mwenyewe, simu mkono wa kulia, jicho kwenye saa ya ukutani. Nilijaza fomu yenye vitu vitano tu: jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, tarehe, saa, na msikiti wa kufungia nikahi. Nikabonyeza "Hifadhi". Nikavuta skrini isome upya, na linki ya YouTube hiyo hapo, imekaa chini ya majina ya maharusi kama vile iliandikwa tangu asubuhi. Nikaifungua. Matangazo yameshapangwa kwenye chaneli, yana kichwa, yana tarehe, yanasubiri kamera tu. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimepigwa na umeme.

Niseme kwanza mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mpwa wangu anapiga video za harusi hapa Unguja, nami ndiye ninayemshikia daftari. Na harusi ya Unguja siku hizi haiishii Unguja. Kuna shangazi Maskati, kuna kaka wa bwana harusi London, na wote wanataka kuiona nikahi wakati inafungwa, si video ya wiki mbili baadaye. Kwa hiyo kila usiku wa kuamkia harusi ilibidi mtu afungue kompyuta, atengeneze matangazo mapya, aandike majina (na kuyakosea), anakili linki, aitume kwenye kundi la WhatsApp. Mara moja tulituma linki ya harusi ya wiki iliyopita. Ukoo mzima ukakaa kutazama arusi ya watu baki, na wapo walioisifu.

Sasa hebu nieleze dude lenyewe lilivyo, maana uzuri wake uko kwenye maungio.

Mbele kuna AppSheet, ambayo Google waliinunua Januari 2020. Unaipa jedwali lako la Google Sheets, nayo inalitazama na kukutengenezea programu ya simu: safu zinakuwa visanduku vya kujaza, mistari inakuwa kadi. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo. Ndani yake kuna kijakazi wanachokiita "bot" (msichanganye na boti ya kwenda Dar) kinachokaa macho. Ukiingia mstari mpya wa harusi, kinatuma ujumbe papo hapo kwenye anwani maalumu ya mtandaoni. Wenyewe wanaiita webhuku.

Anwani hiyo ni ya Make, huduma ya mtandaoni ya kuunganisha programu na programu. Wakongwe wataikumbuka kwa jina la Integromat, iliyozaliwa Prague, kabla haijabadilishwa jina mwaka 2022. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima kwa raha. Unachora viduara kwenye skrini na kuviunganisha kama shanga: kiduara cha kwanza kinapokea ujumbe, cha pili kinaiomba YouTube ipange matangazo, cha tatu kinayafunga matangazo hayo na njia ya video ya kamera yetu, cha nne kinarudi kwenye jedwali na kuandika linki mahali pake. Ukibonyeza kujaribu, unaviona vinawaka kimoja baada ya kingine. Kikikwama kimoja, unakibonyeza na kusoma kilichoingia na kilichotoka. Nimetazama televisheni zisizovutia kiasi hicho.

Lakini subirini, utamu haujafika! Kwenye ombi linalokwenda YouTube kuna maneno mawili: enableAutoStart, kisha true. Maana yake, picha zikianza kuingia kutoka kwenye kamera, matangazo yanaanza yenyewe. Na kwa kuwa kiduara cha tatu kinatumia njia ileile ya video kila mara, ufunguo wa kurushia haubadiliki. Mpwa wangu aliuingiza mara moja kwenye OBS, programu yake ya kurushia video, basi. Sasa akifika msikitini anawasha kamera, anabonyeza kuanza kurusha, anaendelea na kazi yake ya kupiga picha. Hagusi YouTube kabisa. Nasisitiza jambo moja: ufunguo huo hauwekwi ndani ya fomu wala kwenye jedwali linalosomwa na kila mtu. Aliye nao anaweza kurusha anachotaka kwenye chaneli yako, katikati ya khutba ya nikahi.

Sasa niwape aibu yangu, na ni yangu peke yangu. Harusi ya kwanza ilikuwa saa kumi, baada ya alasiri. Nikaandika nini kwenye kisanduku cha saa? 10:00. Saa kumi si kumi? Juu ya hapo, nilikuwa nimenakili mfano wenye herufi Z mwishoni, bila kujua kwamba Z hiyo ni saa ya dunia, ile iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mtambo ukatii. Saa 10:00 ya dunia kwetu ni saa saba mchana, na kwa Maskati ni saa nane. Shangazi akachemsha kahawa, akakata halua, akakaa mbele ya skrini inayosema matangazo yataanza hivi karibuni. Nikahi kwa saa zao ni saa kumi na moja. Saa tatu nzima! Tangu siku hiyo kisanduku changu cha saa hakiruhusu mtu kuandika. Kina orodha ya kuchagua: "saa kumi jioni", na nyuma yake mtambo unasoma T16:00:00+03:00. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye makala hii, chukua hiyo +03:00.

Gharama? Hapa nilitegemea kukatishwa tamaa. AppSheet ni bure ukiwa unajenga na kujaribu na watu wasiozidi 10, nasi tuko watatu. Jamaa wa ng'ambo hawaihitaji programu, wanahitaji linki. Make ya bure inatoa salio la 1,000 kwa mwezi, na hatua moja ya kawaida inakula moja, kwa hiyo harusi moja kwangu haifiki hata tano. YouTube nao wanampa kila mwenye mradi mgao wa pointi 10,000 kwa siku, na ombi la kuandika kwa kawaida hula 50. Hata miezi ya harusi ikipandana, hatuumalizi. Wenye kupenda wenzake Make, kama Zapier au n8n, watafanya hayohayo kwa njia zao. Mimi nimenasa kwenye viduara.

Chaneli mpya iwashiwe ruhusa ya kurusha mapema, kwani inaweza kuchukua hadi saa 24. Na anayetaka kurusha moja kwa moja kutoka kwenye programu ya YouTube ya simu awe na wafuatiliaji 50 kwanza. Msigundue hayo Ijumaa mchana.

Kuhusu heshima: kila harusi yetu inapangwa kama isiyoorodheshwa, yaani anayeiona ni mwenye linki. Ukumbi wa wanawake haumo kwenye fomu wala hautaingia, mama mkwe wa mpwa wangu alishatoa hukumu. Taarabu nayo ina kesi yake, maana YouTube hukagua matangazo mubashara kutafuta muziki wenye mwenyewe, na inaweza kuyakatiza. Nikahi haina shida hiyo. Tunarusha nikahi, nyimbo tunawaachia waliofika ukumbini.

Kwa anayerusha kitu kimoja kwa mwaka, sioni haja ya shanga zote hizi. Afungue YouTube, apange kwa mkono, alale. Lakini mwenye harusi kila wikiendi, au mechi za mtaa, au darsa za kila Alhamisi? Aijaribu usiku wa leo!

Nimeshaongeza kitufe kinachofungua WhatsApp na ujumbe ukiwa umeandikwa tayari: majina, saa ya Unguja, saa ya Maskati, linki. Harusi ya juzi nilikibonyeza nikiwa kwenye daladala. Jibu la kwanza lilitoka kwa shangazi, na halikuwa na pongezi. Alitaka kujua kwa nini mahari yalipotajwa hakusikia vizuri. Fomu sasa ina kisanduku cha sita: nani anashika maikrofoni.