Filamu Imeona Risasi, Haikuona Mkono

Nimeitazama Blood Parliament mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa sita kwa simu moja, ndani ya kinyozi hapa Masimba, bando tumechanga.

Filamu hii ya BBC Africa Eye ilitoka Aprili 2025. Walipitia picha na video zaidi ya 5,000 za Juni 25, 2024, siku Bunge lilivamiwa kwa hasira ya Mswada wa Fedha, wakafuata risasi hadi kwa waliozifyatua. Kazi safi. Picha ikisimamishwa na kurudishwa polepole, hata kinyozi alizima mashine.

Lakini ukiitazama utadhani bunduki ndiyo ilizima maandamano. Kwetu bunduki ndiyo ilitutoa nje! Baada ya siku hiyo hata akina mama wa soko walitupa maji. Kilichotumaliza ni orodha ya mawaziri. Julai 24, 2024, Rais Ruto wa UDA aliwateua watu wa ODM: Mbadi, Joho, Oparanya, Wandayi. Sasa fikiria Kisii, ambako Raila alishinda 2022 na gavana ni wa ODM. Huku upinzani haukuwa chama tu, ulikuwa mtaa.

Kuna mzee wa siasa aliyetukodishia spika maandamano ya Azimio ya 2023. Nilimpigia simu. "Kijana yangu, tulia. Sasa tuko ndani." Ndani ya nini, sikuuliza. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo na bado niko nje.

Nairobi unaweza kuandamana bila mwenyewe, umati unakuficha. Huku kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Unahitaji mtu wa kuongea na OCS, wa kutafuta wakili ukishikwa, na mara nyingi mtu huyo ni wa chama. Chama kikiingia serikalini, anaenda nacho. Kufikia Machi 7, 2025, Ruto na Raila wakitia saini pale KICC, tulikuwa tumebaki wanne na bango moja.

Filamu hufuata picha, hiyo ndiyo nguvu yake. Ile siku ya KICC pia ilipigwa picha tele, watu wakitabasamu, na hakuna aliyezirudisha polepole.

Mzee bado ana spika zake. Juzi nilizisikia kwa harambee ya kanisa.